Namna ya kuchagua inveta kwa umeme wa jua nyumbani

Jioni inapoingia Bukavu, Goma, Uvira au Butembo, nyumba nyingi hazingoji tena umeme wa mjini peke yake. Juu ya mabati kuna paneli moja au mbili, ndani kuna batri, na kati ya batri na televisheni kuna sanduku lenye feni inayovuma. Sanduku hilo ndilo inveta. Mafundi wetu wengi, kwa kufuata Kifaransa, huliita konvertisere, na wengine husema ondulere. Jina lolote utakalosikia dukani, kazi yake ni ile ile.

Kati ya vifaa vyote vya umeme wa jua, hiki ndicho kinachonunuliwa kwa haraka zaidi. Mtu anaweka akiba miezi mingi, anapata zamu yake ya likelemba, anaingia dukani na kuuliza: “Hii ni wati ngapi?” Anachukua lenye namba kubwa kwa bei ndogo, anarudi nyumbani na furaha. Baada ya majuma machache frigo inakataa kuanza, batri inaisha kabla watoto hawajamaliza masomo yao, au waya unaanza kunuka moto. Hapo lawama zinaenda kwa batri, kwa fundi au kwa mawingu. Lakini mara nyingi kosa lilifanyika siku ile dukani, kwa kuamini namba iliyopakwa juu ya sanduku.

Ndugu msomaji, makala hii inakuonyesha hesabu ya kufanya kabla ya kutoa pesa. Jambo la kushika ni hili: hesabu inaanza na vyombo vya nyumba yako, na inveta inakuja mwisho wa hesabu hiyo.

Inveta inafanya kazi gani

Paneli na batri hutoa mkondo wa mwelekeo mmoja, na kwa kawaida batri ni ya volti 12, 24 au 48. Televisheni, frigo na vyombo vingi vya dukani hutaka mkondo geu, yaani mkondo unaobadilisha mwelekeo mara nyingi kila sekunde. Katika Kongo umeme wa nyumbani ni volti 220, na mkondo unazunguka mara 50 kwa sekunde, jambo ambalo huandikwa 50 Hz. Inveta huchukua umeme wa batri na kuugeuza uwe kama ule wa SNEL.

Kutoka hapa tunajifunza jambo la kwanza: chombo kisichohitaji volti 220 hakihitaji inveta. Taa za LED za volti 12, redio ndogo na chaja za simu za USB zinaweza kupata umeme kwa batri kupitia kidhibiti cha chaji, kile ambacho mafundi huita regilatere. Nyumba yenye taa, redio na simu tu inaweza kukaa miaka bila inveta. Hata nyumba yenye inveta hufanya vizuri ikiacha taa chache kwenye njia ile ya moja kwa moja, ili inveta ikizimwa usiku au ikiharibika, mama mwenye mtoto mchanga asibaki gizani.

Andika vyombo vyako kwenye karatasi

Chukua karatasi na uzunguke nyumba. Nyuma ya kila chombo kuna kibandiko kinachoonyesha wati. Andika wati, kisha masaa ambayo chombo kinafanya kazi kwa siku. Zidisha namba hizo mbili, nawe utapata wati-saa, yaani kiasi cha umeme kinachokulwa kwa siku.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida ya mjini:

- Taa 6 za LED za wati 7: jumla wati 42, masaa 5, wati-saa 210.
- Televisheni ya wati 60: masaa 4, wati-saa 240.
- Simu 4, tuhesabu wati 10 kila moja: jumla wati 40, masaa 2, wati-saa 80.
- Kompyuta ya mkononi ya wati 60: masaa 3, wati-saa 180.
- Frigo ndogo ya wati 100: hii huwaka na kuzima yenyewe mchana na usiku, basi tuhesabu wati-saa 700 kwa siku.

Tukijumlisha wati zote kama vyombo vyote vinawaka pamoja, tunapata wati 302. Tukijumlisha wati-saa, tunapata 1410 kwa siku. Namba hizi mbili zina kazi tofauti, wala zisichanganywe. Wati 302 ndizo zinazochagua ukubwa wa inveta. Wati-saa 1410 ndizo zinazochagua batri na paneli. Mtu anayenunua inveta kubwa akidhani atapata umeme wa siku nyingi ni kama anayenunua mdomo mpana wa chupa akidhani maji yataongezeka. Maji yako katika batri.

Frigo, pampu na nguvu ya kuanza

Je, wati 302 zinamaanisha inveta ya wati 300 inatosha? Hapana, na sababu ni frigo. Chombo chenye mota, kama frigo, pampu ya maji au mashine ya kusaga, huvuta umeme mwingi sana kwa kitambo kidogo wakati wa kuanza. Kitambo hicho ni chini ya sekunde moja au karibu nayo, lakini kiasi kinaweza kuwa mara tatu hadi saba ya wati zilizoandikwa. Frigo yetu ya wati 100 inaweza kuvuta wati 700 inapoamka.

Tufanye hesabu tena. Vyombo vingine bila frigo ni wati 202. Ongeza 700 za frigo inayoanza, unapata wati 902. Inveta ya wati 1000 za kudumu inabeba mzigo huo kwa raha, hata bila kutegemea ahadi yoyote ya “nguvu ya kilele” iliyoandikwa kwenye sanduku.

Sasa toa frigo katika orodha. Taa na simu zikipelekwa moja kwa moja kwa batri, kinachobaki kwa inveta ni televisheni na kompyuta, wati 120 tu. Inveta ya wati 300 inatosha na nafasi inabaki. Kwa hiyo katika nyumba nyingi swali la kweli ni moja: tunataka frigo au hatuitaki? Jibu hilo linabadilisha inveta, batri, paneli na bei yote. Ni vizuri baba na mama walizungumze nyumbani, kabla muuzaji hajalijibu kwa niaba yao.

Pasi na resho ya umeme ni habari nyingine. Pasi huvuta wati 1000 au zaidi, na resho hufika 2000. Resho ya wati 1000 ikiwaka saa moja inakula wati-saa 1000, karibu umeme wa siku nzima wa nyumba yetu ya mfano. Kupika na kupiga pasi kwa batri ni njia ya haraka ya kuiua. Makaa, gazi au saa zile ambazo umeme wa mjini upo zifanye kazi hiyo.

Wimbi safi na wimbi la ngazi

Umeme wa mkondo geu hupanda na kushuka kwa umbo laini, kama mawimbi ya ziwa siku ya utulivu. Inveta nzuri hutoa umbo hilo laini, na kwenye sanduku huandikwa «sinus pur». Inveta za bei ndogo hutoa umbo la kukatika, kama ngazi za nyumba. Hizo huandikwa «sinus modifié», au hazisemi kitu.

Taa, chaja nyingi za simu na pasi ya kawaida hazijali sana tofauti hiyo. Lakini mota ya frigo ikila wimbi la ngazi hupata joto zaidi, hupoteza nguvu na huzeeka mapema. Feni huvuma. Mashine ya sauti na kinanda cha kwaya hutoa mlio usiokwisha kwenye spika, na watu humlaumu anayeshika vyombo, huku mlio unatoka kwenye inveta. Mashine za hospitali, printa za leza na chaja nyingine zinaweza kukataa kabisa au kuharibika.

Ikiwa nyumba ina frigo, pampu, mashine ya sauti au chombo cha matibabu, nunua wimbi safi. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini ni ndogo kuliko bei ya frigo mpya.

Namba kwenye sanduku na namba ya kweli

Kwa kawaida namba kubwa iliyoandikwa mbele ya sanduku la bei ndogo ni nguvu ya kilele, ile ambayo mashine inaweza kutoa kwa kitambo kidogo tu. Nguvu ya kudumu, ambayo ndiyo unayoitumia kila siku, huenda ni nusu yake au chini zaidi. Tafuta nguvu ya kudumu katika kitabu cha mashine. Kama kitabu hakiitaji, au hakuna kitabu, rudisha sanduku mezani.

Angalia pia kama wameandika VA badala ya W. Hizo mbili hazilingani. Mashine nyingi za VA 1000 hutoa wati 800 au hata chini ya hapo.

Kuna njia mbili za kupima ukweli bila kuwa fundi.

Ya kwanza ni kuhesabu fyuzi. Inveta nyingi ndogo zina fyuzi zinazoonekana nyuma au zinazofikiwa kwa kufungua kifuniko. Jumlisha ampea zake, kisha zidisha kwa volti ya batri. Sanduku lililoandikwa wati 3000 lenye fyuzi tatu za ampea 30 kwa batri ya volti 12 haliwezi kula zaidi ya wati 1080 kwa kudumu, kwa kuwa 90 mara 12 ni 1080. Mashine isiyokula 3000 haiwezi kutoa 3000.

Ya pili ni kuangalia nyaya zilizokuja nayo. Wati 3000 kwa volti 12 ni ampea 250 na zaidi. Mkondo huo unataka waya mnene kama kidole gumba. Ikiwa ndani ya sanduku kuna nyaya nyembamba kama za taa, au plagi ya kuchomeka kwenye gari, basi aliyetengeneza mashine anajua kwamba haitafika 3000.

Muuzaji mwenye moyo mweupe atakubali pia jaribio la mzigo. Mwombe aunganishe mashine ya wati 1000 na batri iliyojaa, kisha resho ya wati 800 iwake kwa dakika kumi. Mashine ya kweli itabeba bila kupiga kelele na bila kujizima.

Volti 12, 24 au 48

Wati zile zile zikitoka kwa batri ya volti ndogo, mkondo katika waya unakuwa mkubwa. Inveta ya wati 1000 ikifanya kazi yote huvuta karibu ampea 95 kutoka kwa batri ya volti 12, tukihesabu na kiasi kinachopotea ndani ya mashine. Kwa volti 24 inavuta kama ampea 47. Kwa volti 48 ni kama 24. Mkondo mkubwa huleta joto katika nyaya na katika viungo, na joto hilo ni umeme wako unaopotea, tena ndilo mwanzo wa moto wa nyumba.

Kanuni ambayo mafundi wengi hufuata ni hii: mpaka wati 1000 unaweza kubaki na volti 12, kutoka 1000 hadi 3000 tumia volti 24, zaidi ya hapo tumia 48. Nyumba yetu ya mfano iko mpakani. Ikiwa wenye nyumba wanatazamia kuongeza chombo siku za mbele, heri waanze na 24, kwa sababu inveta ya 12 haiwezi kugeuzwa baadaye kuwa ya 24.

Batri mbili za volti 12 zikiungwa kwa mfululizo hutoa 24. Ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Na usitoe taa za volti 12 kwa batri moja kati ya hizo mbili. Batri hiyo itachoka peke yake na kuvuta mwenzake shimoni. Tumia taa za volti 24, au kifaa cha kushusha 24 hadi 12.

Inveta nayo inakula

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji husahau kusema. Inveta iliyowashwa hula umeme hata kama hakuna chombo kinachofanya kazi. Inveta nzuri ya wati 1000 inaweza kula wati 10 hivi. Kwa masaa 24 hizo ni wati-saa 240, sawasawa na televisheni yetu. Mashine kubwa ya wati 5000 inaweza kula wati 50. Kwa masaa 24 hizo ni wati-saa 1200.

Tuone maana yake. Nyumba ya mfano inahitaji wati-saa 1410. Tukiongeza kiasi kinachopotea wakati wa kugeuza, ambacho kwa inveta nyingi ni kati ya sehemu 5 na 15 kwa mia, na tukiongeza 240 za inveta yenyewe, tunafika kama 1850 kwa siku. Batri mbili za risasi za volti 12 na ampea-saa 200 zina wati-saa 4800 zikijaa. Batri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, basi za kutumia ni 2400. Hizo zinatosha siku moja, na kiasi kinabaki kwa asubuhi yenye mawingu.

Sasa weka mashine ya wati 5000 kwenye batri hizo hizo, eti kwa sababu kubwa ni bora. Inakula 1200 yenyewe, nusu ya akiba yote, kabla taa moja haijawaka. Mwenye nyumba atasema batri ni mbovu. Batri ni nzima. Mgeni aliyeingizwa nyumbani ndiye mlaji mkubwa.

Kwa hiyo uliza mashine inakula kiasi gani ikiwa haina mzigo. Na kama huna frigo, zima inveta mnapolala.

Uliza pia inazima batri ikifika volti ngapi. Nyingi za bei ndogo huzima kwenye 10,5 kwa batri ya 12. Kwa batri ya risasi hapo ni kama tupu, na ikifika hapo kila usiku haitamaliza miaka yake. Batri ya risasi iliyopumzika bila mzigo na kuonyesha kama volti 12,2 imekwisha kufika nusu. Inveta inayokuruhusu kupanga mpaka huo inalinda mali yako. Batri za lithiamu aina ya LiFePO4 huvumilia kushushwa zaidi, mpaka sehemu 80 kwa mia na kupita, lakini zinataka mashine yenye mpango wa chaji unaofaa kwake.

Kuhusu paneli, tukihesabu masaa 4 ya jua kamili kwa siku na kiasi kinachopotea njiani, wati-saa 1850 zinataka paneli za wati 650 hadi 700. Nyumba yenye inveta nzuri na paneli moja ndogo itakaa gizani vilevile.

Aina za inveta utakazokuta dukani

Inveta ya kawaida huchukua umeme wa batri na kuutoa kwenye plagi, basi. Ni rahisi, bei yake ni ndogo, na ikiharibika sehemu nyingine za mfumo zinaendelea.

Inveta yenye chaja huungwa pia na umeme wa mjini. Umeme ukiwepo, inaupitisha nyumbani na kujaza batri. Delestaji ikianza, inarudi kwa batri yenyewe. Inafaa mjini. Hakikisha unaweza kupanga aina ya batri na ampea za chaji. Batri ya risasi ya ampea-saa 200 hujazwa vizuri kwa ampea 20 hadi 40, na kuilazimisha zaidi ni kuichemsha.

Inveta ya mchanganyiko ina kidhibiti cha paneli ndani yake pia. Kila kitu kiko katika sanduku moja, na kazi ya kuunga ni ndogo. Lakini sanduku hilo likiungua, umepoteza vyote kwa siku moja. Kabla ya kununua, uliza kama mjini kwako yuko fundi anayeitengeneza.

Kuna aina ya nne ya kuepuka: inveta ya kuungwa na mtandao wa umeme bila batri. Imetengenezwa ijizime yenyewe mara umeme wa mjini unapokatika, ili isiue mafundi walio kwenye nguzo. Ulaya ina maana. Kwetu, ambapo unaitaka hasa wakati umeme umekatika, haitakusaidia. Wakati mwingine mashine hizo hufika sokoni zikiwa zimetumika, kwa bei ya kuvutia.

Usalama wa nyumba na wa jirani

Weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na batri. Batri ikiguswa pande mbili na chuma hutoa mkondo wa kuyeyusha ufunguo, na fyuzi peke yake ndiyo itakayoukata. Kwa inveta ya wati 1000 ya volti 12, waya wa shaba wa milimita mraba 35 na fyuzi ya ampea 125 vinafaa. Kwa volti 24, waya wa 16 na fyuzi ya 63. Nyaya hizo ziwe fupi, zisizidi mita 2, na kitabu cha mashine kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu.

Batri za risasi hutoa gesi inayowaka zinapojazwa. Usiziweke chumba cha kulala, wala inveta isikae juu yake. Inveta yenyewe inataka hewa. Ikipata joto inapunguza nguvu au inajizima, na hilo huonekana zaidi Uvira na Kalemie, ambako kuna joto kuliko milimani. Kile kitambaa kizuri cha kufuma tunachopenda kuweka juu ya kila chombo sebuleni, kisifunike inveta.

Usiunge kamwe inveta na nyaya za nyumba wakati umeme wa mjini umeungwa pia, na usitumie waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili. Umeme wa mjini ukirudi, inveta itaungua papo hapo. Na kabla haujarudi, umeme wako unaweza kutoka nje mpaka kwenye nguzo, na kumuua fundi au jirani anayedhani waya umekufa. Weka swichi ya kubadilisha, ile inayoitwa inversere, ambayo inaruhusu njia moja tu kwa wakati mmoja.

Mwisho, radi. Katika orodha ya mahali penye radi nyingi duniani iliyotolewa mwaka 2016 kwa kutumia vipimo vya satelaiti, Kabare katika Kivu ya Kusini ilikuwa ya pili duniani na ya kwanza Afrika, nyuma ya Ziwa Maracaibo huko Venezuela peke yake. Kampene ya Maniema na Sake, karibu na Goma, zilikuwa pia ndani ya kumi za kwanza. Sisi tunaoishi hapa tulijua hilo bila satelaiti. Basi fremu za paneli na mwili wa inveta viungwe na waya wa ardhi wenye chuma kilichozikwa vizuri, na kwenye nyaya za paneli na za umeme wa mjini wekwe parafudre. Vifaa hivyo hupunguza hatari, havimalizi yote. Ngurumo zikikaribia, kata swichi ya paneli na uchomoe vyombo vya thamani.

Maswali ya kwenda nayo dukani

Ukiwa na karatasi yako mkononi, muulize muuzaji haya, na jibu liwe kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha mashine:

1. Nguvu ya kudumu ni wati ngapi, na ya kilele inadumu sekunde ngapi?
2. Ni wimbi safi?
3. Ni ya volti ngapi upande wa batri? Je, inatoa 220 au 230 kwa 50 Hz? Mashine ya volti 110 haifai kwetu.
4. Inakula wati ngapi bila mzigo?
5. Inazima batri kwa volti ngapi, na mpaka huo unaweza kubadilishwa?
6. Ina ulinzi dhidi ya mzigo mkubwa, joto na nyaya kugusana?
7. Kama ina chaja, inakubali aina ya batri niliyo nayo?
8. Dhamana ni ya miezi mingapi, imeandikwa na kupigwa muhuri, na nani ataitengeneza hapa hapa mjini?

Muuzaji akijibu yote, hata kama bei yake imezidi kidogo ya jirani, pesa yako iko mahali pazuri. Akikasirikia maswali, asante na kwaheri.

Nyumba yetu ya mfano ilihitaji mashine ya wati 1000 ya wimbi safi, volti 24. Yako huenda inahitaji 300, au haihitaji kabisa. Karatasi ndiyo itakayokuambia, na kuiandika hakugharimu faranga hata moja.